Kunoa modeli ya Kiswahili kwenye kompyuta kuu: mwongozo kwa mwanafunzi na msimamizi wake

Utafiti wa akili mnemba wa mwanafunzi hukwamia mahali pamoja mara nyingi: kadi ya GPU, kichakato kinachofanya hesabu nyingi kwa pamoja. Laptopu haina, maabara ya chuo ina moja inayogombewa na darasa zima, na huduma za kukodi kwa saa zinataka kadi ya benki na dola. Kompyuta kuu za utafiti zimejengwa kwa ajili ya watu wenye shida hii hii, na nyingi hazimtozi mwanafunzi chochote. Lakini ni rahisi sana kupewa saa mia moja za GPU na kuzimaliza bila kupata hata modeli moja inayofaa kuandikiwa tasnifu. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuepuka hilo.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kuinoa, yaani kuifundisha zaidi kwa data yetu, Whisper small, modeli ya kutambua usemi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, kwa saa 100 za sauti za Kiswahili. Vigezo vyake, yaani namba inazojifunza, ni milioni 244. Ukiwa na kazi nyingine, tuseme kutambua magonjwa ya majani ya muhogo kwa picha au kuainisha habari za magazeti, hatua ni zilezile. Tarakimu ndizo zitabadilika.

Hakikisha unaihitaji

Kompyuta kuu ni seva nyingi, kila moja ikiitwa nodi, zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi na kutumia diski kubwa ya pamoja. Programu inayotumia CPU moja ukiipeleka huko itatumia CPU moja ileile, na huenda ikawa polepole kuliko kwenye laptopu mpya. Faida huonekana pale kazi inapohitaji GPU yenye kumbukumbu kubwa, au inapogawanyika vipande vingi vinavyoweza kwenda kwa pamoja.

Kwa hiyo anzia Kaggle au Colab. Kaggle hutoa bure takriban saa 30 za GPU kwa wiki, kwa kadi za T4 au P100 zenye kumbukumbu ya GB 16. Chukua sauti za saa moja tu, endesha mafunzo hatua 200, uone kama skripti inafika mwisho. Isipofika huko haitafika kwenye kompyuta kuu, ila huko utagundua kosa baada ya kukaa foleni nusu siku.

Hesabu kumbukumbu kwa mkono kabla ya kuomba chochote. Ukinoa modeli nzima kwa AdamW, kanuni inayosahihisha uzito kila hatua, kila kigezo hula baiti 16: nne za uzito, nne za gradienti (mwelekeo wa kusahihisha uzito), nane za hali ya AdamW. Milioni 244 mara 16 ni takriban GB 3.9. Juu yake weka nafasi ya matokeo ya kati ya kila tabaka, ambayo hukua kadiri fungu la mifano inayosomwa kwa hatua moja linavyokua. Fungu la 16 huingia kwenye kadi ya GB 16 ukitumia tarakimu za biti 16 na kuwasha `gradient_checkpointing`, ambayo huokoa kumbukumbu kwa kukokotoa upya matokeo ya kati. Whisper medium, yenye vigezo milioni 769, inataka GB 12.3 kabla hata ya kuweka sauti, kwa hiyo hapo unahitaji kadi kubwa zaidi. Modeli ya lugha ya vigezo bilioni 7 inataka GB 112, na haiingii kwenye kadi moja ya GB 80. Kwa modeli kama hiyo tumia LoRA: uzito wa asili unabaki umeganda, takriban GB 14 kwa biti 16, na unafundisha tabaka ndogo za nyongeza tu.

Kisha hesabu muda. Saa 100 za sauti zenye vipande vya sekunde 5 ni vipande 72,000. Kwa fungu la 16, mzunguko mmoja wa data yote una hatua 4,500. Tuseme jaribio lako limeonyesha sekunde 0.6 kwa hatua: mzunguko ni dakika 45, na mizunguko mitatu ni saa 2 na dakika 15. Ongeza upimaji, ambao ni wa polepole kwa sababu modeli inaandika neno baada ya neno, na utafika saa 3. Ukipanga majaribio 12 ya kasi tofauti za kujifunza na mbegu tofauti za bahati nasibu, ni saa 36. Ongeza theluthi kwa kazi zitakazoharibika. Omba saa 48. Tarakimu hii ikiwa na hesabu nyuma yake, anayepitia ombi lako hana sababu ya kusita.

Akaunti inapatikana wapi

Anzia kwa watu wa TEHAMA wa chuo chako, kisha mtandao wa utafiti na elimu wa nchi yako: KENET kwa Kenya, TERNET kwa Tanzania, RENU kwa Uganda. Hata kama wao wenyewe hawana mashine inayokufaa, ndio wanaojua nani anayo na mlango wake uko wapi. Nairobi, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wana klasta (kompyuta kuu) yao ambayo hutumiwa zaidi na watafiti wa jenetiki na mifugo. Mradi wako ukigusa kilimo au afya ya wanyama, tafuta ushirikiano nao.

Afrika Kusini kuna CHPC, kituo cha taifa cha kompyuta kuu, mjini Cape Town, yenye mashine ya Lengau iliyozinduliwa mwaka 2016, ambayo ina pia nodi chache za GPU aina ya V100. Njia nyepesi ya kuingia huko ni kupitia mtafiti mshirika aliye chuo cha Afrika Kusini. CHPC ndiyo pia iliyopokea sehemu za mashine ya Ranger ya Texas ilipozimwa mwaka 2013 na kuzigawa kwa vyuo vya ukanda wa kusini mwa Afrika. Angalizo: nodi za Ranger zilikuwa za CPU tu. Ukisikia kuwa chuo fulani kina klasta, uliza kwanza kama ina GPU, za aina gani na ngapi. Klasta ya CPU inafaa kusafisha data na kuchakata matini, lakini kunoa Whisper juu yake ni kupoteza muda.

Kwa Mswahili anayesoma Marekani mlango ni ACCESS, mpango wa kugawa muda wa kompyuta kuu ulioanza Septemba 2022 kuchukua nafasi ya XSEDE. Ngazi ya kwanza, Explore, hufika hadi pointi 400,000 na inahitaji maelezo mafupi ya mradi. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anaweza kuomba kwa jina lake akiwa na barua ya msimamizi. Wa shahada ya kwanza huingia chini ya mradi wa mwalimu. Tangu Januari 2024 kuna pia mpango wa majaribio wa NAIRR, wa rasilimali za taifa za utafiti wa akili mnemba, ambao una nafasi kwa ajili ya madarasa. Ulaya, mashine za EuroHPC, mpango wa pamoja wa kompyuta kuu, kama LUMI iliyoko Kajaani, Finland, na Leonardo ya Bologna hupokea maombi kupitia vyuo vya nchi wanachama. Kumbuka tu kwamba LUMI hutumia kadi za AMD. Skripti yako ya PyTorch (maktaba ya kufundishia modeli) itaendelea kufanya kazi, ila maktaba lazima ziwe toleo la ROCm, programu ya kadi za AMD, na nyongeza zilizoandikwa kwa CUDA, ya kadi za NVIDIA, pekee zitagoma.

Ombi zuri halizidi ukurasa mmoja. Taja swali la utafiti kwa sentensi mbili, data na ruhusa zake, programu utakazotumia, hesabu ya saa za GPU kama ile ya juu, ukubwa wa diski, na jina la msimamizi atakayewajibika. Usijaze historia ya akili mnemba duniani. Anayesoma anataka kuona kuwa unajua utafanya nini siku ya kwanza ukishapewa nenosiri.

Ruhusa ya data, kabla ya kupakia chochote

Sauti ya mtu ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinagusa kupeleka taarifa nje ya nchi, jambo ambalo ndilo unalofanya ukipakia rekodi za Morogoro kwenye seva iliyoko Cape Town au Illinois. Fomu ya ridhaa uliyosainisha wasemaji iseme wazi kwamba sauti zitahifadhiwa na kuchakatwa nje ya nchi. Kama haikusema, rudi kwa kamati ya maadili ya chuo kwanza. Data ya wazi kama Common Voice ya Mozilla haina mzigo huo, na kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ndiyo pa kuanzia.

Kuingia

Tengeneza ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, kwenye kompyuta yako:

```
ssh-keygen -t ed25519
```

Unaotuma kwa wasimamizi wa mashine ni ule wenye mwisho wa `.pub`. Ule mwingine hautoki kwenye kompyuta yako, hata kwa rafiki mnayefanya naye mradi. Kila mtu aombe akaunti yake; kuazimana akaunti ni kosa linalofungiwa mradi mzima, pamoja na msimamizi aliyewapigania.

Ukiingia utakuwa kwenye nodi ya mlangoni. Hapo ni pa kuhariri faili, kuhamisha data na kutuma kazi. Usiendeshe mafunzo hapo: watu mamia wanaitumia kwa wakati mmoja, na mfumo utaiua kazi yako au wasimamizi watakuandikia barua. Nodi zenye GPU hufikiwa kwa kupitia foleni tu.

Jua pia sehemu tatu za diski. Nyumbani ni padogo, mara nyingi makumi machache ya GB: weka skripti na mipangilio. Folda ya mradi ni kubwa zaidi na hushirikiwa na kundi lako. Ya tatu, inayoitwa `scratch` karibu kila mahali, ni kubwa na ya kasi, lakini haina nakala rudufu na faili zisizoguswa kwa muda hufutwa zenyewe, mara nyingi baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Soma tarehe hiyo kwenye kurasa za kituo chako siku ya kwanza. Tasnifu zimechelewa kwa sababu ya faili zilizoachwa `scratch` wakati wa likizo.

Kupeleka sauti bila kuiumiza mashine

Whisper husikia sauti ya Hz 16,000, chaneli moja. Igeuze kabla ya kuipakia. Katika biti 16, saa moja ya sauti hiyo ni takriban MB 115, kwa hiyo saa 100 ni GB 11.5. Kwa intaneti inayopandisha Mbiti 5 kwa sekunde hizo ni zaidi ya saa tano za kupakia. Ukizibana kwa FLAC utapunguza karibu nusu bila kupoteza ubora. Tumia `rsync -avP`, ambayo umeme ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Kama data ni ya wazi, usiipitishe kwenye laptopu yako kabisa: ingia kwenye klasta na uipakue kutoka hukohuko.

Jambo la pili wengi hulikosea. Diski ya pamoja ya klasta, mara nyingi Lustre, imetengenezwa kusoma faili chache kubwa. Vipande 72,000 vikiachwa kama faili 72,000, kila kufungua faili ni ombi kwa seva moja inayotunza majina ya faili za watu wote. GPU yako itakaa inasubiri na watumiaji wengine watalalamika. Tena vituo vingi huweka kikomo cha idadi ya faili, mbali na ukubwa, na utakifikia wakati diski ingali na nafasi tele. Funga vipande katika makasha ya `tar` ya takriban GB 1 kila moja, kisha kazi ikianza yafungue kwenye diski ya ndani ya nodi.

Usihifadhi pia picha za mawimbi (spektrogramu, majedwali ya sauti ambayo modeli husoma) zilizokwisha kukokotolewa, ingawa mafunzo mengi ya mtandaoni hufanya hivyo. Whisper hujaza kila kipande hadi sekunde 30, hata kama msemaji alisema "asante" tu. Kila kipande huwa jedwali la 80 kwa 3,000, takriban MB 1 katika biti 32. Vipande 72,000 vinakuwa karibu GB 70, kutoka kwenye sauti ya GB 11.5. Acha ukokotoaji huo ufanywe na CPU wakati wa mafunzo. CPU hizo tutaziomba kwenye skripti hapa chini.

Gawa data kwa wasemaji, usigawe kwa vipande. Msemaji mmoja akiwa upande wa mafunzo na upande wa kupimia, modeli itamtambua sauti yake na matokeo yatapendeza kuliko ukweli. Common Voice huweka safu ya `client_id` kwa ajili hiyo.

Mazingira ya Python

Angalia zilizopo kwa `module avail`, pakia Python na CUDA za kituo, kisha tengeneza mazingira yako kwenye folda ya mradi. Kabla ya kusakinisha chochote hamisha akiba za `pip` (kisakinishi cha Python) na Hugging Face (hazina ya modeli mtandaoni):

```
export PIP_CACHE_DIR=$SCRATCH/pip
export HF_HOME=$SCRATCH/hf
```

Usipofanya hivyo akiba zitaenda nyumbani, nafasi itajaa, na utapata makosa ya ajabu yasiyotaja diski kabisa, pamoja na kushindwa kuhariri faili yako mwenyewe. Epuka Conda, kisakinishi kingine, kwenye diski ya pamoja kama unaweza, kwa sababu mazingira moja hubeba makumi ya maelfu ya faili ndogo. Kituo chenye Apptainer hukuruhusu kufunga mazingira yote kwenye faili moja, na hiyo ndiyo njia bora kwa kundi la wanafunzi.

Kwenye klasta nyingi nodi za GPU hazina intaneti. Pakua modeli ukiwa mlangoni, kisha kwenye skripti weka `HF_HUB_OFFLINE=1`. Bila hivyo kazi itajaribu kutafuta mtandao, itasubiri, kisha itakufa baada ya kula dakika zako.

Skripti ya kazi

Slurm ndiyo inayopanga foleni kwenye klasta nyingi. Lengau hutumia PBS, ambapo mistari huanza na `#PBS` na kazi hutumwa kwa `qsub` badala ya `sbatch`, lakini mantiki ni moja.

```
#!/bin/bash
#SBATCH --job-name=whisper-sw
#SBATCH --account=MRADI_WAKO
#SBATCH --partition=gpu
#SBATCH --gres=gpu:1
#SBATCH --cpus-per-task=8
#SBATCH --mem=48G
#SBATCH --time=03:30:00
#SBATCH --output=logi/%x-%j.txt

module purge
module load python cuda
source $PROJECT/mazingira/bin/activate
export HF_HOME=$SCRATCH/hf
export HF_HUB_OFFLINE=1

mkdir -p $TMPDIR/sauti
for f in $SCRATCH/sauti/*.tar; do
  tar -xf $f -C $TMPDIR/sauti
done

srun python noa.py --data $TMPDIR/sauti \
  --matokeo $SCRATCH/matokeo --fungu 16 --endelea
```

Majina kama `gpu`, `$PROJECT` na `$TMPDIR` hubadilika kutoka kituo hadi kituo. Yathibitishe kwenye kurasa zao. `noa.py` ni skripti yako. Tengeneza folda ya `logi` kabla ya kutuma. Slurm haiitengenezi, na isipokuwepo kazi hufa papo hapo bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo, na unabaki unashangaa.

CPU nane hapo zina kazi maalumu: kusoma FLAC na kukokotoa mawimbi ya fungu linalofuata wakati GPU inashughulikia la sasa. Ukiomba CPU moja, GPU ya maelfu ya dola itakaa inasubiri. Weka `dataloader_num_workers` iwe 7 au 8, isizidi ulichoomba.

Muda ulioomba una uzito kwenye foleni. Slurm hujaza mapengo kati ya kazi kubwa kwa kazi ndogo zinazotoshea. Kazi ya saa 3 na nusu hupata pengo mapema; ileile ikiombewa saa 48 kwa usalama itasubiri pamoja na wakubwa. Lakini usikate mno: muda ukiisha kazi inauawa hapohapo, hata ikiwa imebakiza hatua kumi.

Kabla ya kutuma kazi kamili, tuma ileile kwa dakika 10 na hatua 50, ukihakikisha inahifadhi modeli na kufanya upimaji mara moja ndani ya dakika hizo. Makosa mengi ya wanafunzi hukaa mwishoni, kwenye kuhifadhi na kupima, na bila jaribio hili hujitokeza baada ya saa tatu.

Kazi ikiwa njiani

`squeue --me` huonyesha hali. `PD` na neno `Priority` au `Resources` maana yake subiri tu. `ReqNodeNotAvail` mara nyingi ni matengenezo yaliyopangwa: muda uliouomba unagongana nayo, kwa hiyo punguza muda au subiri yaishe. Ukiona neno lolote lenye `QOS` au `Assoc`, umefika kikomo cha mradi au cha mtu mmoja, na kusubiri peke yake kunaweza kusisaidie.

Kazi ikianza, ichungulie:

```
srun --jobid=NAMBA --overlap --pty nvidia-smi
```

Rudia mara kadhaa. GPU ikiwa juu ya asilimia 80 muda mwingi, vizuri. Ikirukaruka kati ya 0 na 100, inasubiri data: ongeza CPU, au hakikisha kweli unasoma kutoka diski ya ndani. Kumbukumbu ikiwa imetumika robo tu, ongeza fungu. Hapa ndipo saa nyingi za wanafunzi hupotea kimyakimya, kwa sababu kazi inayokwenda polepole haitoi kosa lolote. Ikimalizika, `seff NAMBA` (kwenye vituo vilivyoiweka) hueleza ulitumia kiasi gani cha ulichoomba. Tumia tarakimu hizo kurekebisha ombi linalofuata.

Intaneti ya hosteli ikikatika, kazi iliyokwisha kutumwa kwa `sbatch` inaendelea bila wewe. Kinachokufa ni kile ulichokuwa unakifanya moja kwa moja kwenye terminali, kama kupakua data. Kwa hayo fungua `tmux` kwanza, ambayo huendeleza kazi hata ukikatika.

Hifadhi nakala ya modeli kila hatua 500 ili kazi ikikatwa uendelee pale ilipofika. Hesabu ukubwa wake pia: uzito pamoja na hali ya AdamW ni baiti 12 kwa kigezo, yaani karibu GB 2.9 kwa Whisper small. Kwa hatua 13,500 utapata nakala 27, takriban GB 79 kwa jaribio moja. Weka `save_total_limit=2`.

Makosa yanayojirudia

`CUDA out of memory` ni kumbukumbu ya GPU: punguza fungu hadi 8 na ulimbikize gradienti mara 2, hesabu ya mafunzo itabaki karibu ileile. `oom-kill` au `Killed` bila kutajwa CUDA ni RAM ya nodi: ongeza `--mem` au punguza wasomaji wa data. Watu huchanganya hizi mbili na kupunguza fungu wiki nzima bila mafanikio.

Hasara (loss, kipimo cha kosa la mafunzo) ikigeuka `nan`, yaani si namba, mara nyingi ni `fp16`, tarakimu za biti 16. Kwenye A100 au mpya zaidi tumia `bf16`, aina nyingine ya biti 16 inayobeba namba kubwa zaidi. V100 na T4 hazina `bf16` ya maunzi, kwa hiyo huko punguza kasi ya kujifunza, na hakikisha hakuna kipande chenye maandishi matupu.

`DOS line breaks` maana yake uliandika skripti kwenye Windows; endesha `dos2unix`. Na `torch.cuda.is_available()` ikirudisha `False` ndani ya kazi, ama umesahau `--gres`, ama umesakinisha PyTorch ya CPU. Ukiipima mlangoni, `False` ni jibu la kawaida kwa sababu mlangoni mara nyingi hapana GPU.

Modeli ikiandika Kiingereza badala ya Kiswahili, haujaiambia lugha. Weka `language="sw"` na `task="transcribe"` wakati wa mafunzo na wakati wa kupima pia.

Kupima kwa haki

Kiwango cha makosa ya maneno hukionea Kiswahili. Msemaji akitamka "ntakupigia" na nakala yako ikawa na "nitakupigia", modeli ikiandika ilichosikia imekosa neno zima, ingawa herufi iliyopungua ni moja kati ya kumi na moja. Katika Kiingereza kosa kama hilo lingegusa neno moja dogo kati ya manne. Ripoti kiwango cha makosa ya herufi sambamba na cha maneno. Kabla ya kupima ondoa alama za uakifishaji na herufi kubwa pande zote mbili, na ufananishe tarakimu: Whisper hupenda kuandika 2024 pale ambapo nakala za Common Voice zina maneno. Sikiliza mwenyewe angalau vipande hamsini vilivyokosewa. Hakuna jedwali litakalokuonyesha kwamba makosa yote yanatoka kwa wasemaji wa pwani, au kwenye vipande vyenye ukimya mrefu ambamo Whisper hubuni maneno.

Kwa kila jaribio andika namba ya kazi, toleo la skripti kwenye Git, matoleo ya maktaba kwa `pip freeze`, na mbegu. Kasi bora ya kujifunza ikishajulikana, irudie kwa mbegu tatu. Tofauti ya nusu asilimia kati ya majaribio mawili ya mbegu mojamoja haithibitishi kitu.

Kwa mwalimu mwenye darasa

Darasa la wanafunzi 40 halihitaji GPU 40. A100 moja hugawanywa kwa MIG, teknolojia ya NVIDIA ya kuigawa kadi, hadi vipande saba vinavyojitegemea, kwa hiyo kadi sita zinatosha, na kwa kadi za GB 80 kila mwanafunzi hupata GB 10. Kipande cha namna hiyo kinatosha kunoa Whisper tiny, yenye vigezo milioni 39. Omba kituo kikutengee nodi kwa saa za kipindi. Bila hilo nusu ya darasa itakaa kwenye foleni mpaka kengele ilie. Toa ombi wiki kadhaa kabla.

Kituo chenye Open OnDemand hufungua Jupyter, daftari la kuandikia na kuendeshea msimbo, ndani ya kivinjari, na hapo hata kompyuta kuukuu za maabara zinafaa, bila SSH wala kusakinisha kitu. Tengeneza mazingira mamoja ya darasa, weka data mahali pamoja pa kusoma tu, na zoezi lisizidi dakika 20 za GPU. Wiki moja kabla, lipitie lote kwa akaunti ya kawaida ya mwanafunzi, kwa sababu akaunti ya mwalimu ina ruhusa ambazo wao hawana na itakuficha makosa ya ruhusa za folda. Siku ya somo, zima Jupyter za waliomaliza, maana inaendelea kuhesabu saa hata kivinjari kikifungwa.

Wanafunzi wenye hamu zaidi waelekeze kwenye mashindano ya klasta. CHPC huandaa ya kwao, na timu za Afrika Kusini zilizotokea huko zilishinda mashindano ya wanafunzi ya ISC nchini Ujerumani mwaka 2013 na tena 2014. Zilikuwa za shahada ya kwanza.

Mradi ukikaribia kumalizika, angalia tarehe ya kufungwa kwa akaunti na uhamishe vitu vitatu: modeli bora bila hali ya AdamW (karibu GB 1), logi zote, na orodha ya mgawanyo wa wasemaji. Taja kituo na namba ya mradi kwenye shukrani za tasnifu kwa maneno ambayo kituo chenyewe kimeyaweka. Ripoti hizo ndizo wanazoonyesha wafadhili wanapoomba kadi za mwaka unaofuata.